Mafaili Sita Yaliyokaa Nyumbani kwa Mzee Anselmo Kapinga

Baba Paroko, wazee wa mtaa, majirani zetu wa Chamazi, wafanyakazi wa Hospitali ya Mtakatifu Pantaleo mliokuja na gari zima, ndugu mliosafiri kutoka Mbinga na Kyela, na ninyi mliosimama uani kwa kuwa viti vimekwisha, familia inawashukuru kwa kuja, na kabla hatujafika mbali inawaomba radhi, kwa sababu ndani ya historia hii kuna jambo ambalo si kawaida kusomwa mbele ya jeneza, ila marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, na mjane wake, Mama Didas, ambaye ndiye aliyeisema historia hii neno kwa neno wajukuu wakaandika, amekataa lipunguzwe hata kidogo.

KUZALIWA NA ELIMU

Marehemu Mzee Anselmo Kapinga alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 katika kijiji cha Maguu, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto tisa wa Mzee Kasian Kapinga, katekista, na Mama Mektrida Ndunguru, akasoma shule ya msingi hapo hapo Maguu kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na kwa kuwa nafasi za kuendelea zilikuwa chache kama meno ya kuku, alikaa nyumbani akilima kahawa na baba yake hadi mwaka 1971, alipokwenda Songea kujifunza kupiga chapa na kutunza majalada, na huko ndiko alikoupata ule mwandiko wake mnaoujua, uliosimama wima kama askari kwenye gwaride, ambao hata barua ya kuomba ruhusa akiandika ilikuwa inaonekana kama amri.

KAZI

Mwaka 1975 alikuja Dar es Salaam kwa mjomba wake aliyekuwa akikaa Keko, na tarehe 1 Machi 1976 akaajiriwa Hospitali ya Mtakatifu Pantaleo, Mbagala, katika masjala, yaani kile chumba cha mafaili ya wagonjwa, ambako alifanya kazi miaka thelathini na saba bila kuhamishwa, na wale mliokuwepo mtakumbuka kwamba enzi hizo mgonjwa bila faili alikuwa kama hajaja, daktari hamuoni, dawa hapati, na kati ya mgonjwa na daktari alisimama Kapinga na rafu zake kumi na nne, akizijua kama mama anavyojua vitanda vya wanawe, hata watu walipokuja na majina ya uongo, maana wengine leo walikuja na jina lao, wiki ijayo la jirani, mwezi ujao wanatumia la dada yao, yeye aliwatazama tu dirishani akasema, "Wewe ni elfu nne mia nne kumi na saba, hata ukibadili kanga."

Vijana aliowafundisha kazi aliwaambia kila siku neno moja, kwamba faili ni mtu aliyelala, usilirushe, usilikalie, usiliwekee kikombe cha chai juu, na Farida binti Mwinshehe, ambaye leo ndiye mkuu wa masjala ile na amekaa pale mbele, anasema siku yake ya kwanza kazini alirusha faili moja kwenye meza, mzee akaliokota, akalipangusa, akaliomba msamaha kwa sauti, "Samahani baba, mtoto bado mgeni," na tangu siku hiyo binti hakurusha tena kitu.

NDOA NA WATOTO

Tarehe 21 Oktoba 1978, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa na Tupokigwe Mwakalinga, binti wa Kyela aliyekuja mjini kukaa na dada yake na kuuza maandazi nje ya lango la hospitali, ambaye mafuta ya moto yalimmwagikia mkono ndipo akafika kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la masjala, na karani, ndiye marehemu, akamuuliza jina, umri na makazi, kisha akamuuliza, "Na unaishi na nani?", akajibiwa, akauliza tena, akajibiwa, na alipouliza mara ya tatu bibi mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni akasema, "Mwanangu, mwambie huna mume, tuendelee, sie wengine tunaumwa."

Tupokigwe hakupelekwa shule, kwao aliachwa kulinda ndege kwenye mpunga wakati kaka zake wanasoma, na marehemu alijaribu kumfundisha herufi kwa kutumia majina yaliyoandikwa juu ya mafaili ya zamani, wakafika M, Didas akazaliwa, wakaishia hapo, lakini kusikia anasikia, na kukumbuka anakumbuka, na ndiyo maana leo anaweza kuwarudishia maneno ya watu wa miaka arobaini iliyopita kama walivyoyasema.

Walijaliwa watoto wanne, Didas aliyezaliwa mwaka 1979, Avelina mwaka 1982, Gladness mwaka 1985 na Allen mwaka 1990, na kati ya hao Avelina ndiye aliyetangulia, na hapa ndipo historia ya baba yao inapogeuka, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie.

Avelina alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli, uligunduliwa akiwa na miaka miwili, na faili lake lilikuwa nene kama matofali mawili kwa kuwa kila alipougua daktari aliandika, akaandika tena, dawa ipi inamtuliza, damu aliongezewa lini, maumivu yanaanzia wapi, na mwisho wa Aprili 1989, wakati marehemu amesafiri kwenda Maguu kumzika baba yake, mtoto akazidiwa, mama yake akambeba mgongoni hadi hospitali, na karani aliyeshika nafasi akatafuta faili tangu asubuhi hadi adhuhuri, akatoka ana vumbi hadi kwenye nyusi, akasema, "Mama, halipo, fungua jingine," na daktari mgeni akauliza mtoto anaumwa nini siku zote, na Tupokigwe, ambaye maumivu ya mwanawe aliyajua yote lakini jina lake hakulishika, akasema, "Damu yake haina nguvu, daktari," wakampima, wakakuta malaria, na kweli malaria alikuwa nayo, wakamtibu malaria, na tarehe 2 Mei 1989 Avelina akafariki, akiwa na miaka saba, na baba yake aliporudi tarehe 5 alikuta udongo bado mbichi.

Wiki tatu baadaye walisogeza kabati la masjala ili kupiga dawa ya mchwa, na faili la Avelina likaonekana nyuma yake, limesimama, limebanwa na ukuta, halijaguswa hata na mende, na siku hiyo marehemu alirudi nyumbani mapema, akavua shati mbele ya mkewe, faili likiwa limemnata kifuani kwa jasho, akasema, "Mama Didas, hili halirudi pale," na kabla ya wiki kwisha akaleta na la Didas, la Gladness, la mkewe na la kwake mwenyewe, na Allen alipozaliwa akaongeza la sita, yote akayapanga ndani ya sanduku la bati, na tangu hapo mtu wa nyumba ile akiumwa, baba alilipeleka faili asubuhi ndani ya begi lake la kazini na kulirudisha jioni, na kwa miaka mingi hakuna mmoja wetu aliyeambiwa asubiri, faili linatafutwa.

Ndugu waombolezaji, lile lilikuwa kosa, mali ya hospitali haichukuliwi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine kwamba haichukuliwi, tena kwa ukali, na mkewe alijua, na watoto wakubwa walijua, na nyumba nzima ilikaa kimya.

KUSTAAFU

Tarehe 30 Aprili 2013 marehemu alistaafu, akafanyiwa sherehe kwenye ukumbi wa hospitali, na mganga mfawidhi wa wakati huo alisimama akasema, "Mzee Kapinga, kwa miaka thelathini na saba, hajapoteza faili hata moja," ukumbi ukapiga makofi, wauguzi wakapiga vigelegele, marehemu akainamisha kichwa watu wakadhani ni unyenyekevu, na mkewe aliyekaa pembeni yake akatazama viatu vyake mwenyewe hadi makofi yalipokwisha.

Baada ya kustaafu alikuwa akitibiwa presha kwenye zahanati ya mtaani, kwa daftari la shule alilonunua dukani, na daftari likijaa linatupwa, linanunuliwa jingine, na kila daktari mpya anaanza kuuliza upya, kama ilivyo kwa wengi wetu hapa, maana sie tuna desturi ya kuficha hata hilo daftari la zamani ili daktari asijue kwamba dawa za mwenzake hatukuzimaliza.

Mwaka 2018 Hospitali ya Mtakatifu Pantaleo ikaingia kwenye kompyuta, na Farida na wenzake wakapewa kazi ya kuyahamisha mafaili yote kutoka kwenye rafu kwenda kwenye mfumo, moja baada ya jingine, na marehemu hakuwa adui wa jambo hilo hata kidogo, alikuwa akisema uani kwake mbele za watu, "Ile mashine haina nyuma ya kabati," lakini watu wakiondoka anaingia ndani kulitazama sanduku, kwa kuwa alijua yatahamishwa mafaili ya Mbagala nzima isipokuwa ya nyumba yake.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, Farida akaja hapa nyumbani, akavua viatu mlangoni, akapiga shikamoo, na Mama Didas alipomwona tu alilivuta sanduku la bati ukutani, akalitandikia kanga, akalikalia, akamwambia mjukuu alete chai, na binti akanywa kidogo, akasema, "Baba, nimehesabu rafu zote, namba zinafuatana vizuri, ila mafaili sita hayapo, na yote sita ni ya Kapinga," marehemu akasema, "Mchwa hao, mwanangu, wewe hukuwepo, mchwa walitutesa sana," na Farida akacheka, akasema, "Mchwa gani hao, baba, wanaokula ukoo mmoja?"

Akacheka peke yake, kisha akaacha, akasema kwa upole, "Mie sijaja kumkamata mtu, baba, hata mkiyaacha getini ndani ya mfuko wa rambo nitaingiza, wala sitauliza yametoka wapi, maana leo mtu akiingia pale hajiwezi tunaandika namba yake tu, kila kitu kinakuja, alilazwa lini, anatumia dawa gani, ipi inamkataa, na nyie ndio pekee ninaowapenda ambao siwaoni mle," na marehemu akamtazama mkewe, na mkewe, akiwa amekalia yale mafaili yenyewe, akasema, "Mwanangu Farida, nyumba hii haina hata karatasi ya kufungia maandazi," binti akalitazama sanduku, akaitazama kanga, akamaliza chai yake, akasema, "Haya mama, asanteni," akavaa viatu akaondoka.

Mwaka 2022 jirani yetu Mzee Khalfani, ambaye yupo hapa na ameruhusu atajwe, sukari ilimshuka akaanguka barazani kwake, marehemu na mkewe wakampakia kwenye bajaji wakampeleka, hasemi, macho yamegeuka, na pale mapokezi wakaandika namba iliyo kwenye kadi yake, na kwa muda ambao mtu angemenya ndizi wakawa wanajua ana kisukari, anachoma sindano ipi, kipimo cha mwisho kilisomaje, wakamtundikia dripu, na jioni alikuwa amekaa kitandani anagomba kuhusu uji, na aliporudi akawa anajisifu mtaa mzima, "Ile kompyuta inanijua kuliko mke wangu, tena haininuni," sote tukacheka, ila Mama Didas anasema mumewe usiku ule na siku zilizofuata hakula vizuri.

Ndipo akaamua kuyarudisha, akayafunga kwenye begi lake lile la kazi, akaenda hadi getini, na mlinzi wa pale, Mashaka, akasimama wima akapaza sauti mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri, "Shikamoo Mzee Kapinga! Jamani, mwoneni huyu, ndiye hakupoteza faili hata moja!", na marehemu akamwitikia marahaba, akamuuliza habari za watoto, akageuka na begi lake akarudi, na mkewe alipomuuliza akasema, "Nimekuta foleni," na mafaili yakarudi sandukuni, ikapita miaka miwili, na Mashaka, wewe huna kosa, ulimpa mzee heshima yake, sisi ndio tulioshindwa kuibeba.

UGONJWA NA KIFO

Siku ya Jumatatu, tarehe 20 Januari 2025, marehemu alianza homa na maumivu ya kiuno, mkojo ukawa unatoka kwa shida, na Jumatano tarehe 22 akaanza kuita watu ambao hawapo, akimwita baba yake, akimwambia Avelina ashuke kwenye ukuta, tukamkimbiza Hospitali ya Mtakatifu Pantaleo, akapokelewa na Daktari Fredrick, kijana mpole, ambaye alisema ni maambukizi makali ya njia ya mkojo yameingia kwenye damu, akataka kujua kama kuna dawa inayomkataa, na kwenye kompyuta wakaandika jina, wakaandika tarehe ya kuzaliwa, Anselmo Kapinga hayupo, mtu aliyekaa jengo lile miaka thelathini na saba, hayupo.

Basi wakamgeukia mkewe, na Tupokigwe akakumbuka vizuri kabisa kwamba mwaka 1999 kuna dawa ilimvimbisha midomo na kumtoa malengelenge, akasema, "Ipo moja ilimkataa zamani," daktari akauliza, "Ipi, mama?", akasema, "Vidonge vyeupe, vikubwa," na daktari akashusha kalamu, akasema, "Mama yangu, vidonge karibu vyote ni vyeupe, nyumbani hamna cheti, hamna daftari, hamna karatasi yoyote ya zamani?", na pale karibu alikuwa amesimama Farida, walikuwepo wauguzi waliopiga vigelegele siku ya kustaafu, na mumewe amelala amefumba macho hawezi kujitetea, na Mama Didas, aliyejua sanduku liko wapi na ufunguo uko wapi, aliyejua kwamba juu ya faili la mumewe kuna maandishi mekundu ingawa hajui yanasema nini, akasema, "Hamna, baba."

Neno hilo moja ndilo alilotaka mlisikie, anasema alilitoa haraka kuliko alivyowahi kutoa jibu lolote maishani mwake, na kwamba wakati ule alidhani anamstiri mume.

Marehemu akaanza dawa siku ya Alhamisi, na mojawapo ilikuwa ya jamii ya salfa, na Jumamosi tarehe 25 midomo ikavimba, ngozi ya kifua ikaanza kuinuka kama maziwa yaliyochemka, na mwanawe Allen, kwa uchungu wa mtoto kwa mzazi, akamkaripia muuguzi wa zamu, Sista Mwajabu, wodi nzima ikisikia, "Mmemuunguza baba yetu, mnatoa dawa bila kuuliza!", na Sista Mwajabu akajibu huku machozi yakimtoka, "Kaka, tuliuliza," na Mama Didas alikuwa amekaa pale pale kwenye ukingo wa kitanda, akasikia yote mawili, akanyamaza, akamwacha mtoto wa watu atukanwe kwa kosa lisilo lake, na hiyo anasema ndiyo saa anayoionea haya kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa ile ya kwanza alishtukizwa, hii ya pili alikuwa na muda wa kufikiri.

Jumapili tarehe 26 watu wakiwa kanisani alikwenda nyumbani, akafungua sanduku, akayatia mafaili yote sita kwenye kikapu cha sokoni, akapita nayo getini bila kuyafunika, akayaweka mbele ya Daktari Fredrick, akasema, "Yalikuwepo," na daktari akalichukua la juu, akasoma yale maandishi mekundu ya tarehe 11 Agosti 1999, yaliyosema asipewe tena dawa yoyote yenye salfa, akatoka akaenda kubadilisha dawa, akarudi, na Mama Didas alikuwa anamsubiri amfokee, angemfokea ingekuwa nafuu, lakini alisema tu, "Siwezi kukwambia angepona, mama, umri ulikuwa umekwenda na maambukizi yalikuwa makali, ila dawa ile nisingempa."

Akili ya marehemu ilirudi siku ya Ijumaa tarehe 31, ngozi ikiwa mbichi, akiwa amefunikwa shuka iliyoinuliwa isimguse, na mkewe akamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu mwingine, na haya ndiyo maneno yao kama yalivyokuwa, marehemu akamuuliza, "Umepeleka yote?", akajibu, "Yote sita, Baba Didas, na Farida anayo," akauliza, "Na la Avelina?", akajibu, "Na la Avelina," marehemu akafumba macho, kisha akasema, "Mwizi ni mie, Mama Didas, wewe ulikalia tu," na mkewe akacheka huku analia, wauguzi wakageuka kuangalia, na baadaye kidogo marehemu akasema, "Siku ya kunizika wasome ilivyokuwa, wasiseme ni mchwa."

Madaktari walipigana kwa uwezo wao wote, lakini siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mzee Anselmo Kapinga alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

SHUKRANI

Familia inamshukuru Daktari Fredrick na wenzake wote, inawashukuru majirani, Mzee Khalfani na kijana wa bajaji, akina mama wa jumuiya waliopika tangu Jumamosi, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, na kabla ya hao wote inamwomba radhi Sista Mwajabu, na Allen atasimama pale alipo ili Sista amwone, na mama yake anasimama pamoja naye, kwa sababu wewe uliuliza, mwanangu, ni sisi hatukujibu.

Familia haina haki ya kumfundisha mtu, lakini ina haki ya kuomba, kwa hiyo inawaomba ninyi mnaotembea na majina matatu, mnaochana daftari la zamani kabla hamjanunua jipya, mnaoingia kwa kadi ya shemeji, nendeni mkaandikishwe kwa jina lenu moja, dawa mnazomeza na zile mlizoacha, ziingizwe zote, kwa kuwa siku mtu hawezi kusema ataulizwa mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa na haya, na ile mashine haina haya.

Jumatatu, jana, Farida amemaliza kuyaingiza mafaili yote sita, akaanza na la Avelina, akamwandikia selimundu yake yote pamoja na siku aliyofariki, kisha akafika la baba, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe wa mwaka 1978, akasoma kwa sauti, "Mtu wa kuulizwa iwapo mgonjwa hawezi kusema, Tupokigwe, mke wangu, anajua kila kitu," na Mama Didas akamwomba asome tena, akasoma tena.

Farida akamaliza la baba, akafika la mama mwenyewe, akamuuliza yote, naye akajibu yote, presha, goti, vidonge vya kijani anavyoviacha kwa kuwa vinamtia kizunguzungu, na walipofika mahali pa mtu wa kuulizwa lilikuwepo jina la Anselmo, Farida akaondoa mkono kwenye kompyuta akasubiri, na mwisho Mama Didas akasema, "Andika Gladness, ila mwite hapa kwanza nimwambie kila kitu mbele yako, asije akanistiri."

Baba Didas, imesomwa ilivyokuwa, hakuna aliyesema mchwa, pumzika sasa, amani uende nayo wewe, aibu tuachie sisi.